Kumalizia Gari la Zamani Lililokwama: Mwongozo Kamili kwa Wenye Projekti Nairobi

Ingia Buruburu, South C, Lavington ama Kahawa, hukosi kuliona: Peugeot 504 juu ya mawe chini ya mparachichi, Beetle isiyo na milango, Datsun 1200 iliyofunikwa turubai lililochanika. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia imebaki kidogo tu, na huenda ni kweli. Pesa huchangia, lakini mengi ya magari haya yalikwama kwa sababu yalifunguliwa kila upande kwa wakati mmoja. Injini ilipelekwa kwa fundi mmoja Kariobangi, viti kwa mwingine Ngara, milango ikapakwa rangi kabla ya sakafu kuchomelewa, na nati zote zikatupwa kwenye ndoo moja. Mwaka ukipita hakuna anayekumbuka nati ipi ni ya wapi.

Msimamo wangu ni huu: gari lirudi kutembea kwanza, ndipo lipambwe. Gari linalowaka, kusogea na kusimama humvuta mwenyewe nje kila Jumamosi. Lililo vipande humfanya apite pembeni bila kulitazama.

Na yanastahili kumaliziwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo akiba ya magari ya zamani tuliyo nayo ndiyo hiyo hiyo. Likikatwa moja likauzwa kama chuma chakavu, hakuna meli inayoleta jingine. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973. Joginder Singh alishinda 1974 na Mitsubishi Lancer, na Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun Violet. Baadhi ya ndugu wa magari hayo ndio wamelala nyuma ya nyumba zetu.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya spana

Tafuta logbook, yaani hati ya umiliki wa gari. Soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, soma ya injini, ulinganishe na kilichoandikwa. Ukikuta tofauti, simama hapo uitatue kwanza. Kubadilisha injini ama rangi ni jambo la kuingizwa kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na maombi hayo sasa hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Kama gari bado liko kwa jina la marehemu, tuseme baba ama mjomba, huwezi kulihamisha kwa maneno ya kikao cha familia. Lazima mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, na msimamizi ndiye atakayesaini. Kaa na ndugu zako mapema, mkubaliane gari ni la nani, kabla hujatia pesa zako. Nimeona magari yakigombaniwa siku yanapong'aa ilhali hakuna aliyeyataka yakiwa na kutu. Logbook ikiwa imepotea, anza kituo cha polisi upate abstract, yaani karatasi ya kuthibitisha umeripoti, halafu uombe nakala.

Ukiwa na zile namba za zamani zisizo na herufi mwishoni, zilizotangulia KAA, zitunze pamoja na kila risiti ya kale. Ni sehemu ya gari.

Hatua ya 2: Kusanya na kuandika

Wazungukie mafundi wote waliobaki na kitu chako ukirudishe nyumbani, hata kama hakijakamilika. Kila kitu kiingie mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na karatasi yenye maneno kamili: "breki mbele kushoto", "bawaba mlango wa dereva juu". Piga picha kabla ya kufungua chochote kipya. Kisha andika daftarini kilichopo, kinachokosekana na kilichoharibika. Watu wengi hugundua hapa kwamba kilichowakwamisha miaka yote ni vitu vichache tu.

Ondoa turubai la nailoni. Linazuia mvua lakini linafungia unyevu ndani, na bodi huoza chini yake. Mabati juu na pembeni wazi ni bora zaidi. Na tazama panya: hupenda kulala juu ya injini na kutafuna waya.

Hatua ya 3: Amua "limekwisha" maana yake nini

Gawanya kazi zote mafungu matatu. La kwanza ni yale ambayo bila hayo gari haliwezi kupita ukaguzi wala kubeba mtoto wako salama: chuma cha kubeba uzito, breki, stelingi, tairi, taa, mafuta yasiyovuja. La pili ni ya kulifanya litumike bila shida. La tatu ni mapambo. Wazo lolote jipya, redio, rimu pana, viti vya ngozi, liandike ukurasa wa mwisho lingoje.

Kuhusu mafundi, lipa kwa kazi iliyokwisha, usilipe kwa siku. Nunua vipuri mwenyewe. Ukienda Grogan, yaani maduka ya Kirinyaga Road, beba kipuri cha zamani mkononi. Magari ya miaka ile yalibadilishwa katikati ya uzalishaji na jina la modeli pekee halitoshi. Usimpe fundi mmoja kazi tatu pamoja. Ya kwanza ikiisha, ndipo ya pili ianze.

Hatua ya 4: Chuma

Hapa ndipo miradi mingi hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua bisibisi ya zamani utoboe kila mahali panapotiliwa shaka: chini ya milango, sakafu chini ya zulia, pembe za kioo cha mbele, buti, mahali springi zinaposhikilia bodi. Kila gari lina ugonjwa wake. Beetle huoza kwenye mabomba ya chuma yaliyo chini ya milango na sakafu iliyo chini ya betri, chini ya kiti cha nyuma. Mini huoza pembeni chini na kwenye fremu ndogo ya nyuma. Land Rover za Series huwadanganya watu: bodi ni alumini inayong'aa, kumbe chesisi na ukuta wa mbele wa chuma vimeliwa.

Fundi atakuuliza, "Boss, hapa tukate ama tuweke puti?" Jibu: "Kata fundi, mpaka ufike chuma safi." Puti ni ya kulainisha uso, haiwezi kubeba uzito. Tumia bati jeusi la geji 18 mahali pa kubeba uzito na geji 20 kwenye paneli. Usikubali mabati ya paa: ni membamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomletea mchomaji homa.

Kabla ya kukata chini ya milango, fanya hivi. Weka bodi juu ya stendi imara, usawa. Rudisha milango mahali pake uifunge. Pitisha penseli kwenye mwanya kati ya mlango na nguzo, juu, katikati na chini, uandike vipimo. Chomelea chuma cha kushikilia kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma ndani ya nafasi ya mlango, mahali hakizuii mlango kufungika. Kata upande mmoja tu. Fundi achomelee kwa nukta fupi fupi akirukaruka, huku mara kwa mara akifunga mlango kupima kama mwanya umebadilika. Ukikata pande zote mbili pamoja bodi hulegea katikati, na hakuna mlango utakaofungika tena vizuri.

Toa betri. Toa tangi la petroli kabisa ulipeleke mbali, kwa maana tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Ndoo ya maji na kizima moto viwe karibu. Kazi ikiisha, paka praima siku hiyo hiyo, ziba maungio, mwaga nta ya kuzuia kutu ndani ya mashimo, na hakikisha matundu ya kutolea maji yako wazi.

Hatua ya 5: Breki na tairi

Badilisha kila raba ya breki, hata inayoonekana nzima. Silinda kuu, silinda za magurudumu na mipira yote ya mafuta ya breki. Mpira wa zamani huvimba ndani: unakanyaga, mafuta yanapita, unaachilia, yanakataa kurudi, na gurudumu linaendelea kushikwa. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1970 yana mfumo mmoja tu kwa magurudumu yote, kwa hiyo bomba moja likipasuka breki zote zimekwenda. Mabomba ya chuma yenye kutu yabadilishwe bila mjadala.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo chupa iliyokaa wazi haifai. Tumia DOT 3 ama DOT 4 kulingana na gari, na usiweke mafuta ya injini kamwe, huvimbisha na kuharibu raba. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Ukimaliza kanyaga kwa nguvu uhesabu dakika nzima. Pedali ikizama taratibu, rudi nyuma utafute kosa.

Tairi zisome pembeni. Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Tairi yenye meno mazuri na umri mkubwa hupasuka barabarani, hasa baada ya kusimama juani.

Hatua ya 6: Kuamsha injini

Usiunganishe betri na kuzungusha ufunguo ukiomba Mungu. Injini iliyolala huharibiwa na dakika yake ya kwanza.

Toa plagi zote. Mimina vijiko vichache vya oili ndani ya kila silinda, uache usiku kucha, ikiwezekana siku kadhaa. Kisha weka spana kwenye nati ya puli ya krankshafti uzungushe kwa mkono, polepole. Ikikataa, usilazimishe kwa bomba refu. Ongeza oili, ngoja, jaribu mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani, weka mpya na filta mpya. Plagi zikiwa bado nje, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izimike ama mshale wa presha ya oili upande juu. Hapo ndipo oili imefika kwenye beringi.

Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Muhimu kuliko namba yenyewe ni usawa: silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna valvu, ringi ama gasketi inayopitisha. Dondosha oili kidogo kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi. Ikibaki pale pale, angalia valvu.

Petroli iliyokaa miaka hugeuka gundi. Usiitumie. Osha tangi, badilisha mipira yote ya petroli, fungua kabureta uisafishe vitundu vyote. Kwa jaribio la kwanza tumia petroli mpya kutoka kibuyu kidogo kilichofungwa vizuri, mbali na cheche. Pointi za distributa zisafishe na uweke mwanya wa karibu milimita 0.4, plagi karibu 0.6, kisha uhakikishe na kitabu cha gari lako.

Mambo mawili ya Nairobi yanahitaji kueleweka. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyembamba kwa karibu sehemu ya sita kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyopangwa kwa pwani ama Ulaya itatoa petroli nyingi mno hapa: moshi mweusi, plagi zenye masizi, injini nzito. Jeti kuu ndogo kidogo hutibu hilo. Maji nayo huchemka hapa karibu nyuzi 94, kwa hiyo kifuniko cha rejeta chenye presha sahihi si kitu cha kupuuza. Kifuniko kilicholegea huchemsha gari zima kwenye foleni ya Jogoo Road.

La pili ni risasi (lead) ya petroli. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na injini nyingi za zamani ziliitegemea kulinda viti vya valvu, yaani kingo za chuma ambazo valvu hukalia. Silinda hedi ikifunguliwa, itumie nafasi hiyo: wenye mashine Industrial Area wakuwekee viti vigumu vya valvu za ekzosi.

Na kama silinda zinahitaji kuchongwa, nunua pistoni kwanza. Fundi wa mashine achonge kufuata pistoni zilizo mezani kwake. Silinda zikichongwa kwa saizi ambayo pistoni zake hazipatikani, umejitengenezea kikwazo kipya cha miaka mingine.

Hatua ya 7: Waya

Moto wa magari ya zamani mara nyingi huanzia hapa. Ukikuta waya zimeungwa kwa tepu na fyuzi zimefungwa kwa karatasi ya sigara, usiongeze kiraka kingine. Ng'oa uanze upya, mkondo mmoja baada ya mwingine: kuwasha, kuchaji, taa za mbele, breki, indiketa. Kila mkondo uwe na fyuzi yake, na taa za mbele zipite kwenye rilei ili swichi ya zamani isiungue.

Kwenye magari ya Uingereza yenye waya za Lucas, kahawia huwa na umeme muda wote, nyeupe hupata ufunguo ukiwashwa, kijani hupitia fyuzi, nyeusi huunganishwa na bodi. Mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana bodi iliyounganishwa na chanya ya betri badala ya hasi. Angalia kabla ya kufunga betri ama altaneta, kwa sababu kosa la sekunde moja huunguza altaneta.

Shida nyingi za "umeme" ni mguso mbovu kati ya waya na bodi. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga bolti, paka grisi.

Kwa anayejenga hotirodi

Hotirodi ni gari la kale lililobadilishwa ili liende kasi. Asili yake ni Marekani, kusini mwa California, ambako vijana walipunguza uzito wa Ford za kale na kuzishindanisha kwenye maziwa yaliyokauka. Ford ya 1932 yenye V8 ndiyo ikawa alama ya mchezo huo. Hapa kwetu mara nyingi huwa Datsun 1200, Escort ama Corolla ya zamani iliyotiwa injini kubwa zaidi kutoka Japani.

Projekti hizi hukwama kuliko zote, kwa kuwa injini huingia siku moja na mambo mengine yote huchukua miaka. Anza kinyume. Breki na shoki za kuhimili nguvu mpya ziwe tayari kabla injini haijaning'inizwa. Kisha rejeta, kisha mabano ya injini, kisha shafti iliyokatwa na kusawazishwa kwenye mashine. Nunua injini pamoja na giaboksi yake, waya zake na kompyuta yake vyote kutoka gari moja. Injini ya bei nafuu isiyo na waya zake hugharimu zaidi. Na risiti yake itunze, utaihitaji kubadilisha namba kwenye rekodi.

Hatua ya 8: Rangi na ndani

Sasa, gari likiwa linatembea, ndipo rangi. Epuka mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Unyevu hufanya rangi ipoteze mng'ao na kuwa na ukungu mweupe. Januari na Februari ni miezi mizuri. Mwagia maji sakafu ya mahali pa kupulizia ili vumbi litulie, na fundi avae barakoa yenye filta, si kitambaa.

Ndani, anza juu ushuke: kitambaa cha paa, vioo na raba zake, zulia, viti. Washonaji wazuri wa viti wapo wengi jijini.

Hatua ya 9: Barabarani

Bima ya kulinda watu wengine ni lazima chini ya Cap 405, sheria ya bima ya magari, hata kwa gari la kutembea Jumapili tu. Panga ukaguzi wa NTSA, ambao kwa Nairobi wengi hufanyia Likoni Road, uende taa zote zikiwaka na stelingi haina mchezo.

Jipe tarehe isiyosogea. Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, ya Alfa Romeo Owners Club katika uwanja wa farasi wa Ngong, ambayo kwa kawaida hufanyika Septemba, inafaa sana: pana watu, pana majaji, na hutaki kufika kwa gari la kuvuta.

Majaribio yaende kwa ngazi. Kwanza ndani ya mtaa, ukipima breki kwa mwendo mdogo. Kisha Kiambu Road asubuhi na mapema, na ukirudi gusa kila gurudumu kwa mgongo wa mkono: moja likiwa moto kuliko mengine, breki yake inashika ama beringi imekazwa mno. Kisha mlima hadi Limuru, ukitazama joto la injini. Mteremko wa Mai Mahiu uwe wa mwisho kabisa, na uteremke kwa gia ya chini badala ya kuchoma breki.

Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 50. Zikifika 500, mwaga oili uangalie kama ina unga wa chuma, pima mwanya wa valvu injini ikiwa katika hali ambayo kitabu kinataka, kaza bolti za silinda hedi kama gasketi yako ni ya aina inayodai hivyo, na rekebisha breki za nyuma. Kisha fungua ule ukurasa wa mwisho wa daftari uchague kitu kimoja.